"Kwangu inafunguka, kule inakatala": kutafuta kasoro kati ya seva ya Lubumbashi na huduma ya data ya wingu

Simu huanza hivi karibu kila mara: "Yaya, huku kwangu inafunguka bila shida. Juu ya nini kule inakatala?" Anayepiga yuko depo ya Kampemba au ya Kasumbalesa, na seva iko hatua tatu kutoka kiti chake. Ameifungua hifadhidata kwa programu yake, majedwali yote ameyaona. Kisha ameingia kwenye huduma ya wingu ya kukusanya data, iwe Azure Data Factory, AWS Glue au nyingine ya ukoo huo, akajaza fomu ya chanzo cha data kwa maneno yaleyale, akabonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho. Maandishi mekundu.

Namjibu kwa swali: nani anayejaribu? Kitufe kile hakijaribu kutoka kwenye kompyuta yako. Kivinjari chako kinapeleka ombi tu. Anayekwenda kubisha hodi kwenye seva ni kompyuta ya huduma, na hiyo huenda iko Johannesburg, Cape Town au Ulaya, kutegemea eneo ulilochagua ulipofungua akaunti. Haiujui mtandao wa ofisi yenu. Haina draiva (programu ndogo ya kuzungumza na hifadhidata) uliyoiweka wewe, haiviamini vyeti (hati za kidijiti zinazothibitisha seva ni nani) ambavyo kompyuta yako inaviamini, na saa yake si saa ya Lubumbashi. Dalili karibu zote zinazofuata ni sura mbalimbali za jambo hilo moja, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jiweke kwanza pale anaposimama anayebisha hodi.

Ombi moja kabla ya kuanza. Ukitaka msaada, usinitumie kwa WhatsApp picha iliyokatwa katikati ya ujumbe. Mstari wa juu husema tu "imeshindikana". Chenye faida kiko chini kabisa, pamoja na namba ya kosa. Nakili maandishi yote, andika na saa ilipotokea.

Inasubiri muda mrefu, halafu inakata tamaa

Ukiona kosa limekuja baada ya sekunde kumi na tano, thelathini au zaidi, likitaja kuisha kwa muda, maana yake ni kwamba hakuna aliyejibu. Hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Nenosiri halijafikiwa hata kidogo, kwa hiyo acha kulibadilisha. Nimemwona mtu akibadilisha nenosiri mara sita kwa kosa la aina hii, mwisho akawafungia nje makarani wake wote.

Sababu ya kwanza ni anwani ya ndani. Anwani zinazoanza na 10, na 192.168, na zile za 172.16 hadi 172.31, zimetengwa kwa mitandao ya ndani tu. 192.168.1.20 ya depo yenu ipo pia Likasi, ipo Kolwezi, ipo nyumbani kwa jirani. Kompyuta iliyoko Johannesburg haina njia ya kuifikia yako. Anayeandika "localhost" kwenye fomu ameenda mbali zaidi: ameiambia huduma ijipigie hodi yenyewe.

Sababu ya pili ni ukuta wa moto, yaani kinga inayochagua nani apite, na hapa angalia milango yote miwili, wa seva na wa ruta. Poti, yaani namba za mlango ambao hifadhidata husikiliza, kwa kawaida ni 1433 kwa SQL Server, 3306 kwa MySQL, 5432 kwa PostgreSQL, 1521 kwa Oracle. Kama chanzo chenyewe kiko kwenye wingu, kuiruhusu anwani ya ofisi yako hakutoshi. Lazima uruhusu anwani ambazo huduma inatokea. Azure SQL hukurahisishia: kosa 40615 linataja waziwazi anwani iliyokataliwa. Isome. Mara nyingi utakuta si anwani uliyoiandika kwenye orodha.

Sababu ya tatu ndiyo inayotutesa sisi wa huku. Muunganisho ulikuwa unafanya kazi wiki nzima, leo umekufa, na hakuna aliyegusa kitu. Uliza kama umeme ulikatika usiku. Umeme ukikatika ruta inazima, ukirudi ruta inawaka na kuomba anwani upya, na mtoa intaneti anaipa nyingine. Anwani uliyoiandika kwenye fomu Jumatatu, Alhamisi ni ya mtu mwingine kabisa. Linganisha anwani ya nje ya leo na ile iliyo kwenye fomu. Kazi ya dakika moja.

Na ukiwa hapohapo, fungua ukurasa wa ruta uone anwani yake ya upande wa nje. Kama iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, huna anwani ya umma iliyo yako peke yako. Mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Modemu nyingi za simu ziko hivyo. Kufungua poti kwenye ruta ya namna hiyo ni sawa na kufungua dirisha linalotazama ukuta.

Dawa ya haya yote ni moja, nami nisingependa uhangaike na nyingine: weka wakala ndani ya mtandao wako. Huduma nyingi za kazi hii zina programu ndogo ya namna hiyo, kila moja na jina lake. Kwa Azure Data Factory inawekwa kwenye Windows. Wakala hangoji mtu abishe hodi. Anatoka yeye mwenyewe kwa poti 443, ileile ya tovuti za kawaida, anauliza huduma kama kuna kazi, anaisoma hifadhidata kwa anwani ya ndani, anapeleka data juu. Ruta haifunguliwi poti hata moja, na anwani ya nje ikibadilika kila siku haidhuru. Kuiweka hifadhidata ya mauzo wazi mbele ya dunia nzima kwa sababu tu fomu ilitaka anwani ni jambo nisilolikubali hata kwa "majaribio ya siku mbili".

Wakala naye ana magonjwa yake, lakini machache. Akionekana hayupo hewani, kompyuta yake imezimwa au imelala. Usimweke kwenye laptop ambayo mwenyewe anaifunga saa kumi na kwenda nayo Katuba. Mweke kwenye mashine inayobaki ofisini, yenye betri ya kuishikilia umeme ukiyumba, na uzime mpangilio wa kulala.

Sasa, mkiwa na wakala, anayebisha hodi ni mashine yake. Basi jaribu ukiwa umekaa kwenye mashine hiyo, si kwenye yako. Fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 1433

Mstari wa mwisho, TcpTestSucceeded, ukisema True, barabara iko wazi. Tatizo litafute kwingine. Ukisema False, usirudi kwenye fomu ya wingu hadi hapa papone.

Inakataa papo hapo

Hii ni habari njema kuliko ile ya kwanza. Umefika kwenye mashine, na mashine imejibu kwamba kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza. Ama hifadhidata imezimwa, ama poti siyo, ama hifadhidata inawasikiliza wa nyumbani tu.

PostgreSQL ikishawekwa husikiliza localhost peke yake. Kwenye postgresql.conf badilisha listen_addresses, halafu uiwashe upya. Kusoma mipangilio upya tu hakutoshi kwa badiliko hili. MySQL kwenye Ubuntu na Debian ina bind-address ya 127.0.0.1, ambayo ni hadithi ileile. SQL Server Express, inayopatikana chini ya programu nyingi za hesabu kwenye maduka yetu, huja na TCP/IP imezimwa: iwashe kwenye SQL Server Configuration Manager. Tena ikiwa na jina lake, kama DEPO\SQLEXPRESS, poti yake inaweza kubadilika kila inapowaka. Ipe 1433 ya kudumu, utalala.

Kwa Oracle, ORA-12541 maana yake msikilizaji hayupo. ORA-12514 ni tofauti: msikilizaji yupo, ila jina la huduma uliloandika halijui.

Haijui jina la seva

Mara nyingi ni jina la ndani la mtandao wa ofisi, lisilojulikana nje. Andika nslookup na jina lenyewe kwenye mashine ya wakala uone kama linapata anwani.

Ila kuna sura moja ya kosa hili inayochekesha. Kijana mmoja alinipigia akisema huduma inatafuta seva ambayo jina lake linaanza na "2024". Hakuna seva ya jina hilo kwao. Nikamwomba anisomee mstari wa muunganisho. Nenosiri lilikuwa Kamalondo@2024, na mstari ulikuwa hivi:

postgresql://ripoti:Kamalondo@2024@192.168.1.20:5432/duka

Draiva ilipofika kwenye @ ya kwanza ikaona nenosiri limeishia hapo, na kilichofuata ikakichukua kuwa ni seva. Alama za namna hiyo ndani ya nenosiri lazima ziandikwe kwa namba zake: @ ni %40, # ni %23, / ni %2F, : ni %3A. Hii ni kwa mstari wa muunganisho tu. Kama fomu ina kisanduku cha nenosiri peke yake, liandike lilivyo. (Na ndiyo, nenosiri lile tulilibadilisha, kwa sababu lilikuwa limeshasomwa kwa sauti kwenye simu.)

Inafika mlangoni, bawabu anakataa

Hapa namba ya kosa inasema mengi. MySQL hutoa 1045 mtumiaji au nenosiri visipolingana, na 1130 pale mashine unayotokea isiporuhusiwa kabisa. Usisahau kwamba kwa MySQL 'ripoti'@'localhost' na 'ripoti'@'192.168.1.30' ni watu wawili, kila mmoja na nenosiri lake na ruhusa zake. Hapo ndipo ile "kwangu inafunguka" huzaliwa: wewe uliyekaa kwenye seva ni wa kwanza, wakala ni wa pili, na wa pili hakuna aliyemwandikisha.

PostgreSQL ikisema hakuna mstari wa pg_hba.conf (faili ya orodha ya wanaoruhusiwa kuingia) kwa mashine fulani, usiguse nenosiri. Ongeza mstari wenye anwani ya wakala, hifadhidata na mtumiaji, kisha iambie isome mipangilio upya. Kwa hili haihitaji kuzimwa.

SQL Server hutoa 18456 kwa aina nyingi za kukataliwa, na kwa makusudi haimwambii mgeni sababu. Sababu imeandikwa kwenye kumbukumbu za makosa ndani ya seva yenyewe. Ninayoikuta zaidi ni kwamba seva inapokea akaunti za Windows tu, na mtu amejaza mtumiaji wa SQL. Badilisha ipokee aina zote mbili, uiwashe upya.

Kosa linalotaja caching_sha2_password ni la draiva ya zamani. MySQL 8.0 ilianza kutumia njia hiyo ya kuthibitisha nenosiri kama chaguo la kawaida mwaka 2018, na draiva za kabla ya hapo haziijui. Weka draiva mpya. Kuirudisha seva kwenye njia ya zamani ni kumfundisha mzee kutambaa.

Inalalamikia cheti

Mtu alikuwa na muunganisho mzima kwa miaka, akasasisha draiva ya ODBC ya SQL Server hadi toleo la 18, ukafa siku hiyohiyo kwa kosa kwamba cheti kimetolewa na asiyeaminika. Seva haijabadilika. Toleo la 18, la mwaka 2022, linadai usimbaji (kuifunga data kwa siri ikiwa njiani) na kukagua cheti bila kuombwa. La 17 halikudai. Seva ya depo kwa kawaida ina cheti ilichojitengenezea. Njia iliyonyooka ni kuipa seva cheti kinachoaminika kwenye mashine ya wakala. Njia ya mkato ni TrustServerCertificate=yes. Kwenye kebo ya mita tano kati ya wakala na seva, naielewa. Kupitia intaneti, hapana.

Seva kuukuu zinazojua TLS (kanuni ya kufunga mawasiliano kwa siri) ya 1.0 na 1.1 peke yake zitakataliwa na huduma nyingi. Matoleo hayo yalistaafishwa rasmi mwaka 2021.

Halafu kuna saa. Kompyuta ya zamani ambayo kabetri ka ndani kamekufa husahau tarehe kila umeme unapokatika. Ikiwaka inajiona iko miaka mingi nyuma, na cheti kizima kabisa inakiona kuwa bado hakijaanza kazi. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima nikikagua vyeti, na tarehe ilikuwa pale pembeni mwa skrini ikinitazama. Siku hizi naanza na hapo. Kabetri kenyewe ni ka bei ndogo.

Jaribio linapita, kazi inashindwa

Kujaribu muunganisho ni kuingia ndani na kutoka. Hakusomi majedwali yako. Kwa hiyo kijani si ahadi.

Orodha ya majedwali ikiwa tupu, mtumiaji wa ripoti hana ruhusa ya SELECT (ya kusoma), au fomu inaonyesha hifadhidata au skima (kundi la majedwali) nyingine. Mpe ruhusa ya kusoma tu. Usimpe akaunti ya msimamizi ili mambo yaende haraka. Nenosiri hilo sasa linakaa kwenye mashine nyingine.

Kazi ikianza vizuri kisha baadhi ya majedwali yakakataliwa kwa wingi wa miunganisho, huduma imefungua njia nyingi kwa pamoja. PostgreSQL bila kuguswa hupokea miunganisho 100, MySQL 151, na humo wamo makarani wanaouza. Punguza idadi ya majedwali yanayonakiliwa kwa wakati mmoja kabla hujafikiria kuongeza kikomo cha seva.

Na kwa wa Azure: jaribio limepita, kusoma kumepita, kuandika faili ya Parquet (aina ya faili ya kuhifadhi data) kumegoma kwa kosa linalotaja JRE, yaani programu ya kuendesha Java. Mashine ya wakala haina Java. Weka ya biti 64.

Data inafika, lakini si yenyewe

Mtu wa muunganisho atasema hapa kazi yake imekwisha. Mama wa hesabu hatakubali, na atakupigia wewe.

"Société" ikifika kama "SociÃ©tÃ©", maandishi ya UTF-8 yamesomwa kama ya Windows ya zamani. Rekebisha usimbaji wa herufi kwenye mipangilio ya chanzo, si kwa kufuta herufi kwenye ripoti. Faili za CSV kutoka Excel ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato na desimali kwa koma. Huduma inayotarajia koma kati ya safu itaipasua 1250,50 iwe mbili: bei ya 1250, na 50 ikikaa kwenye safu ya idadi. Tuliwahi kuuza magunia hamsini ya saruji ambayo hayakuwepo.

Iliyonichosha kuliko zote ilikuwa ya saa. Ripoti ya jioni ilikosa mauzo ya mwisho wa siku, kila siku, na kesho yake yakawa yamejaa bila mtu kuyagusa. Hakuna kosa jekundu popote. Kazi ilikuwa inaanza saa kumi na mbili jioni na kuchukua mistari mipya "hadi sasa". Seva ya depo huandika saa ya Lubumbashi, ambayo iko saa mbili mbele ya UTC, saa ya dunia ya kulinganishia. Huduma ya wingu, ikiulizwa "sasa ni saa ngapi", hujibu kwa UTC: saa kumi. Basi kila kilichouzwa baada ya saa kumi, kwake kilikuwa bado hakijatokea. Kilingoja kazi ya siku iliyofuata.

Tukaongeza saa mbili kwenye "sasa" ya kazi hiyo. Wiki iliyofuata tawi la Kinshasa likaingizwa kwenye mpangilio uleule, na ubaya ukageuka: Kinshasa iko saa moja tu mbele ya UTC, kwa hiyo "sasa" yao ikawa imetangulia kwa saa moja. Alama ya mwisho, yaani saa ambayo kazi ijayo ingeanzia kusoma, ikahifadhiwa ikionyesha saa ambayo kwao haijafika, na mauzo ya saa ile yakarukwa moja kwa moja, bila kurudi kesho. Sasa kila tawi lina tofauti yake ya saa kwenye jedwali dogo la mipangilio, na kazi inaisoma humo kabla ya kuuliza chochote.